Kulinda viota vya kasa kisiwani: mwongozo wa wanaojitolea na maofisa wanaofanya nao kazi

Kasa akipanda ufukweni usiku kutaga, jambo la kwanza la kufanya ni kuzima tochi na kukaa kitako. Nalitanguliza hili kwa sababu wengi wanaokuja kujitolea huja na hamu ya kushika: kubeba, kuchimba, kuokoa. Kazi yenyewe, ikifanywa vizuri, ni kutembea sana, kungoja sana, kuandika sana na kugusa kidogo. Anayeshindwa kukaa bila kugusa mpeni kazi ya kuokota takataka, nayo ina maana yake na haina mayai.

Mfano nitakaoufuata ni kisiwa cha Juani, kusini-mashariki mwa Mafia, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia. Hifadhi hiyo ilianzishwa 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 822. Watu wanaishi humo ndani, wanavua, wanalima minazi, wanaoa na kuzika. Ukiisahau habari hiyo, mwongozo huu hautakufaa kitu. Upande wa Juani unaotazama bahari kuu una fukwe ndogo ndogo ambako kasa wa kawaida hutaga, yule ambaye pwani ya Kenya humwita uziwa. Kati ya aina tano za kasa wanaoonekana katika maji ya Tanzania, wanaotaga siku hizi ni huyo pamoja na ng'amba. Wengine watatu, duvi, kigome na noa, ni wapita njia.

Mafia kasa hupanda karibu mwaka mzima, lakini wengi huja wakati wa masika, na watoto wengi huanguliwa kati ya Juni na Septemba, kusi ikivuma. Panga watu wako kwa kalenda hiyo. Ukikusanya watu Novemba utawachosha bure.

Barua kwanza, mchanga baadaye

Kasa na mayai yake yanalindwa na sheria. Tanzania Bara kuna Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake za 2009. Ndani ya hifadhi kuna Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994. Zanzibar wana Sheria yao ya Uvuvi ya 2010. Watu husahau kwamba sheria haisomi moyo: mtu aliyekutwa na mayai kwenye ndoo usiku ni mtu aliyekutwa na mayai kwenye ndoo usiku, awe mwizi au awe na nia njema kuliko malaika. Kwa hiyo asiguse yai mtu ambaye jina lake halimo kwenye barua.

Njia ya kuipata barua hiyo inaanzia kijijini. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, ukae, unywe chai ukikaribishwa, ueleze unataka kufanya nini na kwa muda gani. Ukiwa Pemba au Unguja, anza kwa sheha. Kisha kutana na kamati ya wavuvi, ile inayoitwa BMU upande wa Bara. Ukishapata muhuri wa kijiji ndipo uende ofisi ya hifadhi, ambayo kwa Mafia iko Utende, na kwa afisa uvuvi wa wilaya kule Kilindoni. Nimeona watu wakianza juu na kushuka chini, wakiwa na barua nzuri ya ofisi kubwa, halafu wakakuta kijiji kizima kimenuna. Barua ya juu inakufikisha ufukweni. Anayekwambia kasa alipanda wapi jana usiku ni watu wa chini.

Mgeni kutoka nje ya nchi anahitaji zaidi: hadhi ya uhamiaji inayomruhusu kujitolea, si viza ya utalii tu, na kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, kama atakusanya data za utafiti. Vibali hivi huchukua muda. Viombe kabla hujakata tiketi ya ndege.

Tafuta aliyekuwa akichimba

Katika kila kisiwa cha pwani yetu kuna mzee au kijana mmoja ambaye, akitazama mchanga uliovurugwa, anajua mayai yako wapi kwa kuchomeka kijiti na kunusa ncha yake. Alijifunza kwa kuyala au kuyauza. Huyo ndiye mtu wako wa kwanza kumwajiri.

Si wazo geni. Chumbe, kisiwa kidogo karibu na Unguja kilichotangazwa hifadhi 1994, kiliwafanya wavuvi wa vijiji jirani kuwa walinzi wake, na hawabebi silaha. Kazi yao ni kuwaelewesha wenzao. Mafia nako shirika la Sea Sense lilianza miaka ya mwanzo ya 2000 na utaratibu ambao mimi naona ndio ulioleta mabadiliko: mwanakijiji anayetoa taarifa ya kiota analipwa, kisha analipwa nyongeza kufuatana na mayai yaliyoanguliwa salama. Angalia akili iliyomo. Ukilipa taarifa peke yake, mtu atakuonyesha kiota leo na kukichimba wiki ijayo. Ukilipa na yaliyoanguliwa, kiota kinakuwa akiba yake, na atagombana na binamu yake kukilinda.

Watu wanne au watano waliozaliwa hapo wanatosha kwa ufukwe wa kilomita mbili au tatu. Wageni waje kama wasaidizi, wawili kwa zamu, si zaidi. Kundi la watu kumi wenye tochi ni karamu ya harusi, na kasa ataliona toka majini na kugeuza.

Vifaa

Daftari gumu lenye mistari, mawili. Kalamu ya risasi, kwa sababu wino hukimbia ukilowa. Futi ya kupimia ya mita tano. Tochi ya mwanga mwekundu. Kama huna, funika tochi ya kawaida kwa karatasi nyekundu ya plastiki tabaka mbili. Simu yenye GPS. Vigingi vya mti vyenye namba. Ndoo safi ambayo haijawahi kubeba mafuta wala dawa. Glavu nyepesi. Maji ya kunywa kuliko unavyodhani utahitaji, maana njia ya kufika fukwe za nje za Juani inapita vichakani na juu ya mawe ya matumbawe, na jua la saa nne asubuhi halina huruma. Ndala hazifai. Vaa raba.

Doria ya alfajiri

Hapa ndipo kazi ilipo hasa. Doria ya usiku ina mvuto, lakini doria ya alfajiri ndiyo inayojaza daftari. Toka saa kumi na moja na nusu, ufike ufukweni kabla jua halijawa kali na kabla upepo haujafuta alama. Tembea kwenye mstari wa mwani mkavu, pale maji makuu yalipoishia usiku. Kila njia ya kasa lazima iukate mstari huo, iwe ya kupanda au ya kushuka.

Ukiona njia, simama. Usiikanyage. Anza kuisoma.

Kasa wa kawaida hujivuta kwa mapezi yote mawili ya mbele kwa pamoja, kama mtu anayepiga makasia mawili. Alama zake kulia na kushoto zinalingana, na upana wa njia ni kiasi cha mita moja au zaidi. Ng'amba hutambaa kwa kupokezana, pezi la kulia kisha la kushoto, kama mtoto anayetambaa; alama zake zinapishana, na njia yake ni nyembamba, sentimita 70 hadi 85 hivi. Pima sehemu tatu, andika wastani.

Halafu angalia njia ni ngapi. Kasa aliyepanda huacha mbili, ya kwenda na ya kurudi. Alama ya mapezi husukuma mchanga kuelekea nyuma, kwa hiyo utajua ipi ni ipi. Pia itazame ipi imekatwa na maji: ile ndefu zaidi kuelekea baharini ni ya wakati maji yalikuwa yamepwa zaidi. Ukilijua jedwali la maji la usiku ule unaweza kukisia alipanda saa ngapi. Wazee wa Juani hawahitaji jedwali. Watakwambia, "Alipanda maji yakijaa, akashuka yakianza kutoka," na ukihakiki utakuta ni kweli.

Sasa swali gumu: ametaga au hakutaga? Kasa wengi hupanda, huchimba, hukutana na mzizi au jiwe, kisha huondoka. Ukikuta shimo wazi lisilofukiwa, hakutaga. Ukikuta uwanja mpana uliochimbwa na kufukiwa, mchanga mbichi umerushwa nyuma mpaka juu ya majani ya vichaka, kuna uwezekano mkubwa ametaga. Mayai hayako pale penye shimo linaloonekana. Shimo hilo ni la mwisho, alipokuwa akijiondoa. Mayai yako nyuma yake, upande alikoanzia, mara nyingi mita moja au zaidi. Wageni wote huchimba pasipo. Mwachie yule mzee wa kijiti, na hata yeye achomeke polepole, kwa sababu kijiti kinachotoboa yai moja hualika siafu kwa mengine yote.

Kama mahali pako salama, huna haja ya kuyaona mayai kabisa. Weka kigingi mita moja kando ya unapodhani yapo, kila mara upande uleule mliokubaliana, ili mtu mwingine asiyajue kwa kuangalia tu kigingi. Chukua GPS. Andika tarehe, ufukwe, aina, upana wa njia, umbali toka mstari wa maji makuu, jina la aliyekiona. Kisha fagia njia za kasa kwa tawi la mnazi, kwanza ili zisihesabiwe kesho, pili ili asizione mwingine.

Kasa akiwa juu

Ukimkuta usiku, lala chini ulipo. Akiwa bado anapanda au anachimba, kivuli tu kinatosha kumrudisha baharini. Akishaanza kuangusha mayai huwa ametulia, na hapo mtu mmoja anaweza kusogea kwa nyuma yake, kwa mwanga mwekundu, kusoma kibati cha namba kwenye pezi kama anacho, na kupima gamba kwa futi laini. Kibati kipya huwekwa na aliyefunzwa na kuruhusiwa tu. Usimwendee kwa mbele. Usimulike uso. Kamera ya simu izimwe mwanga wake kabla hujatoka nyumbani, maana ufukweni utasahau.

Hutaga mayai 110 hivi kwa wastani, meupe, ya duara, kama mipira ya mezani iliyolowa. Kisha hufukia kwa mapezi ya nyuma, taratibu, akiushindilia mchanga kama mwanamke anayekanda unga. Anaweza kutumia saa nzima kufukia na kuficha. Msubiri. Baada ya wiki mbili hivi anaweza kurudi kutaga tena, mara tatu hadi tano katika msimu mmoja, halafu akapotea miaka miwili, mitatu au minne.

Kuhamisha au kuacha

Hapa ndipo mayai mengi hufa mikononi mwa watu wema. Kanuni ni moja: kiota kibaki kilipo, isipokuwa kipo chini ya mstari wa maji ya bamvua, yale yanayojaa juu kabisa nyakati za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, au kipo mahali ambapo kuibwa kwake ni hakika.

Sababu ni hii. Yai la kasa si la kuku. Saa chache baada ya kutagwa, kiinitete hujishika kwenye ngozi ya ndani ya gamba, upande wa juu. Ukiligeuza baada ya hapo unakichana, na hutajua, kwa sababu yai litaonekana zima kwa nje mpaka siku ya kufukua. Kwa hiyo uhamishaji hufanywa ndani ya saa mbili baada ya kutagwa ikiwezekana, na usizidi saa sita. Kiota kilichotagwa saa nne usiku na ukakikuta saa moja asubuhi kimeshapita muda wake.

Nakumbuka alfajiri moja afisa kijana, mwenye bidii kweli, aliona kiota kimetagwa hatua kama tano tu juu ya mwani. Akaanza kuchimba. Mzee wa doria akamwambia, "Mwanangu, hebu pumzisha mikono. Leo mwezi ngapi?" Kijana akahesabu: mwezi kumi na sita. "Basi bamvua ndiyo hii tunayoikanyaga. Maji yakishindwa kukifika leo, mpaka bamvua nyingine hayakifiki." Wakaweka kigingi, wakaondoka. Mwezi mpevu ulipopita na mwandamo ulipofika wakaenda kukipima tena: maji yalikuwa yameishia karibu, lakini kiota kilikuwa kikavu. Kijana alikuwa na digrii na mzee alikuwa na kalenda ya mwezi kichwani. Siku ile kalenda ndiyo iliyohitajika.

Kuna mahali ambapo kuhamisha hakuepukiki. Maziwe, ng'ambo ya Pangani, kilikuwa kisiwa chenye mivinje na kasa wengi. Miti ikakatwa, mchanga ukakosa wa kuushika, bahari ikakila kisiwa. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Kasa bado wanapanda pale, kwa mazoea ya mababu, na mayai yanayookolewa huvushwa kwa boti mpaka ufukwe wa Ushongo. Hapo hakuna mjadala: yakiachwa yanazama.

Ukilazimika kuhamisha, fanya hivi. Chimba shimo jipya kwanza, kabla hujayagusa ya zamani. Liwe na kina kilekile na umbo la mtungi: shingo nyembamba, tumbo pana. Kwa kasa wa kawaida chini kabisa huwa sentimita 60 hadi 80 toka juu. Lichimbwe juu ya mwani, mahali penye jua na kivuli vinavyofanana na pale alipochagua mama, si chini ya mvinje mzito. Weka mchanga mbichi chini ya ndoo. Toa yai mojamoja, lisizungushwe, upande uliokuwa juu ubaki juu. Hesabu kwa sauti, mwingine aandike. Funika ndoo kwa kitambaa kibichi, tembea polepole, usiiweke ndoo nyuma ya pikipiki. Kwenye shimo jipya rudisha mchanga mbichi kwanza na mkavu mwisho. Mchanga mkavu ukiingia katikati ya mayai hunyonya unyevu wake.

Siku hamsini na ushei

Kuanzia hapo hesabu siku 50 hadi 60. Kusi baridi hurefusha, jua kali hufupisha. Joto lina kazi nyingine ambayo wanakijiji hufurahia kuisikia: ndilo linaloamua jinsia. Penye kiasi cha nyuzi 29 wanatoka dume na jike karibu sawa, joto likizidi wanatoka majike, likipungua madume. Mtu akikwambia ukate vichaka vyote nyuma ya ufukwe ili watalii waone bahari, mkumbushe hilo, na mkumbushe Maziwe.

Maadui wa kipindi hiki ni kenge, kunguru, kaa wa mchangani, siafu na mbwa wasio na mwenyewe. Kwa kenge na mbwa, laza wavu juu ya kiota, chini ya mchanga kidogo, uzikwe kingo. Matundu yawe upana wa vidole vinne au vitano hivi ili mtoto wa kasa mwenye gamba la sentimita tano apite bila kukwama. Tumia mianzi au plastiki ngumu, si waya wa chuma, kwa sababu kuna hofu kwamba chuma huvuruga usumaku ambao watoto hujifunza nao njia. Uukague kila siku. Wavu uliosahauliwa ni mtego.

Takataka nazo: ndala, chupa, vipande vya nyavu. Bahari huzitupa upande uleule inakowapandisha kasa. Ziondoe kwa mkono, kabla ya siku za kuanguliwa, na usifagie mwani wote. Mwani hushika mchanga.

Usiku wa kutoka

Mchanga juu ya kiota hutitia kidogo kabla, kama mkate wa kumimina uliozama katikati. Ukiona hivyo, usiku huo au unaofuata watatoka. Hutoka kwa pamoja, mara nyingi giza likiingia na mchanga ukipoa, wakati mwingine jioni yenye mawingu.

Taa yoyote ya nyuma itawapoteza. Mtoto wa kasa hufuata upeo ulio angavu zaidi na ulio chini, ambao kwa karne nyingi ulikuwa bahari. Taa ya hoteli, moto wa wavuvi, hata simu ya mtu anayetuma picha, vyote vinamwita kwenye vichaka, ambako asubuhi utamkuta amekauka. Kabla ya siku hizo zungukia majirani, uombe taa zizimwe au zigeuzwe. Ombi la uso kwa uso linafika mbali kuliko barua.

Usiwabebe mpaka majini. Watembee wenyewe, safari ile fupi inawapa mwelekeo. Wazuie kunguru na kaa, sawazisha mashimo ya nyayo zenu yaliyo njiani mwao, basi. Watalii wakae nyuma ya kiota na pembeni, katika mstari, miguu ikiwa imekunjwa, kamera bila mwanga. Mafia wageni hulipia kuona jambo hili na sehemu ya pesa huenda kijijini, jambo zuri mradi hesabu isomwe kwenye mkutano wa kijiji na kila mtu akaisikia.

Kufukua

Subiri siku mbili au tatu baada ya watoto kutoka, ndipo ufukue kwa glavu. Panga vilivyomo kwa mafungu: maganda matupu (hesabu yale tu yanayozidi nusu ya yai, vipande vidogo acha), mayai ambayo hayakuanguliwa, waliokufa ndani, na walio hai waliokwama. Hao hai waachie jioni watembee kwenda majini, siyo saa saba mchana.

Hesabu ni rahisi. Maganda 96 na mayai 14 ambayo hayakuanguliwa ni 110. Gawa 96 kwa 110: asilimia 87. Kama ndani ulikuta watano, wazima au wafu, waliofika juu wenyewe ni 91, asilimia 83. Andika zote mbili. Kiota kilichohamishwa kikitoka asilimia 40 na majirani zake walioachwa wametoka 85, tatizo si kasa, ni mikono yenu.

Kwa maofisa

Ndugu afisa, mwanakijiji aliyepiga simu saa nane usiku kuhusu boti yenye taa karibu na mwamba anataka kitu kimoja: ujibu. Hata ukisema leo hatuna mafuta, ujibu. Asipojibiwa mara mbili, mara ya tatu hatapiga.

Anayejitolea hakamati mtu. Liandikwe hilo kwenye barua yake. Akiwakuta watu wanachimba, arudi nyuma, aandike saa, idadi yao, rangi na namba ya chombo, apige simu. Asisogee, asipige kelele, asijifanye shujaa. Kukamata ni kazi ya mwenye mamlaka, na ushahidi usiguswe mpaka afike.

Posho itolewe siku iliyosemwa. Najua bajeti zilivyo. Lakini mtu aliyeacha kuuza mayai kwa sababu yako, ukimcheleweshea miezi mitatu, umemrudisha mwenyewe.

Na utumie imani za watu kwa heshima. Kule Misali, karibu na Pemba, kisiwa ambacho watu husema jina lake limetoka kwenye msala wa kuswalia, mafundisho ya Kiislamu kuhusu kuvitunza viumbe yamekuwa sehemu ya uhifadhi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Khutba ya Ijumaa inawafikia wavuvi wengi kuliko semina yenye vitafunio.

Nyavu na nyama

Kasa wengi hufa kwenye jarife, nyavu za matundu makubwa zinazotegwa kwa ajili ya papa na samaki aitwaye taa. Akitolewa hajitikisi, usimhesabu mfu. Mlaze kifudifudi, inua sehemu ya nyuma kwa kiasi cha shubiri ili maji yatoke mapafuni, mweke kivulini, mfunike kitambaa kibichi bila kuziba pua, umngoje. Wengine huzinduka baada ya saa nne, wengine baada ya siku nzima. Usimgeuze chali wala kumkandamiza tumbo.

Kuhusu nyama, semeni wazi kijijini. Novemba 2021 watu saba walikufa Pemba baada ya kula nyama ya kasa. Machi 2024, kisiwa cha Panza, walikufa tisa, wanane wao watoto, na makumi walilazwa. Sumu hiyo haitoki kwa kupikwa, kasa mwenyewe hana dalili yoyote, na dawa ya kuizima haipo. Hospitali hutibu dalili tu. Mama anayenyonyesha humpitishia mtoto. Akitokea aliyekula na kuanza kutapika au kuwashwa mdomo, apelekwe kituo cha afya saa hiyohiyo, na asifichwe kwa kuogopa sheria.

Msimu ukiisha, fungeni hesabu: daftari moja lipelekwe ofisini, la pili libaki kwa mtendaji wa kijiji. Someni idadi ya viota na asilimia zake kwenye mkutano, pamoja na majina ya walioviona. Kisha rudini ufukweni mara ya mwisho mkang'oe vigingi vyote na nyavu zote, hata vile vilivyofukiwa na mchanga. Kigingi cha zamani kikibaki, mwakani kuna mtu atachimba hapo akitafuta mayai, na huenda mtu huyo ni wewe.